Beseni Halipandi Ngazi: Risala ya Umoja wa Madobi Jua na Maji kwa Waziri wa Ujenzi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi, Mkurugenzi wa Mipango na Fedha wa Mradi wa Barabara Kuu, wahandisi, majirani zetu wa ng'ambo zote mbili za barabara:

"Beseni halipandi ngazi!"

"Punguza sauti, mama. Watu wanapita."

"Wapite! Wapite wasikie! Mwenyekiti, wewe unapiga pasi. Umekaa kwenye kiti, feni inakupepea, shuka inakufikia imekauka. Umewahi kujiuliza imefikaje?"

"Mimi nilianza kubeba beseni wewe hujaota meno."

"Basi shingo imesahau!"

Mheshimiwa, risala hii ilianza hivyo. Tulikutana kwenye banda la kupigia pasi ili tuiandike, na kabla katibu hajapata hata mahali pa kuweka karatasi, Mama Pacha na mwenyekiti wetu, ambaye wote tunamwita Mzee Pasi, walikuwa wameshashikana mashati kwa maneno. Mzee Pasi alitaka risala fupi na tamu: karibu, asante, Mungu akubariki, tukapige picha. Mama Pacha alitaka lisemwe lile ambalo mwaka jana halikusemwa. Tumeona tukuletee ugomvi wenyewe kama ulivyokuwa, maana ombi letu limo humo humo ndani yake, na kulitoa peke yake ni sawa na kutoa shuka kwenye povu bila kuisuuza.

KARIBU

Karibu sana. Kitambaa cha meza iliyo mbele yako, mapazia ya turubai hili na vitambaa vilivyovishwa viti vyote, tumevifua sisi. Usiogope kumwaga chai. Hakuna mahali salama zaidi pa kumwaga chai kuliko hapa.

Tuseme na hili mapema ili usikae na wasiwasi: barabara tunaitaka. Hatukuja kuipinga, hatukuja kudai ipitishwe kwingine, wala hakuna mtu hapa atakayelala mbele ya tingatinga. Tumeingoja muda mrefu, na tutakueleza hivi punde kwamba hata mfuko wetu umo ndani yake.

TULIKOTOKA

Umoja wetu ulianza na bomba moja na mawe ya kufulia. Bomba lilikuwa huku bondeni, upande huu ulikokaa wewe, kwa sababu maji hushuka na hayajui kupanda. Kamba za kuanikia zilikuwa kule juu, ng'ambo ya barabara, kwenye kile kimlima unachokiona kinameremeta. Maji yako chini, jua liko juu, barabara iko katikati. Hayo ndiyo maisha yetu yote kwa sentensi moja.

Wageni hutuuliza, kwa nini msianike huku huku? Geuka nyuma, Mheshimiwa. Yale maghala hutufichia jua hadi mchana, na ghala la mwisho ni la saruji. Shuka ya wodi ikianikwa hapa asubuhi, jioni inarudi ya kijivu na ngumu kama ubao. Tulijaribu mara moja tu. Matroni wa hospitali aliigonga kwa kidole, ikalia ko-ko-ko, akauliza kama tumemletea shuka au mlango.

Wengine huuliza, kwa nini msipandishe maji kule juu? Tuliomba. Tukaambiwa bomba halina nguvu ya kufika. Tukaamini, kwa sababu hata huku chini kuna siku linakohoa tu.

Kwa hiyo tunavuka. Tulivuka ilipokuwa ya vumbi, tukavuka ilipowekwa lami, na mpaka leo tunavuka njia zake mbili na beseni kichwani: tunaangalia kulia, tunaangalia kushoto, tunamwomba Mungu, tunapita.

Katika sisi wote, anayevuka mara nyingi zaidi ni Mama Pacha. Alipokuja kwetu mara ya kwanza alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, na Mzee Pasi alimwambia kwa huruma, "Mwanangu, wewe una mizigo tayari." Akajibu, "Hii si mizigo, baba, hawa ni mashahidi. Nipe kazi waone." Alipewa shuka za nyumba ya wageni. Baadaye akazipata za hospitali: shuka za wodi, mapazia, na nguo za kijani za chumba cha upasuaji. Hospitali ina sharti moja, nalo ni sharti la haki. Kila kitu kikaushwe juani na kirudi kabla vitanda havijatandikwa upya jioni. Mama Pacha hajawahi kuchelewa. Wale mashahidi wawili sasa wanasoma sekondari ya bweni, na karo inatoka kwenye shuka hizo.

TULIYOYAFANYA

Mawe ya kufulia tumeyaondoa. Tuna sakafu ya zege yenye mtaro, mabomba sita, banda la pasi lenye umeme, na wateja ambao hawatuombi tena kupunguziwa bei kwa sababu wanajua jibu.

Lakini tunalojivunia zaidi linakuhusu wewe. Siku moja redio ya bandani ilitangaza kwamba sehemu ya fedha za Barabara Kuu itatoka kwenye bajeti, sehemu itakopwa benki za nje, na sehemu itakopwa kwa wananchi wenyewe, kwa kuwauzia hatifungani. Mama Pacha aliacha kukamua.

"Serikali inataka kukopa kwetu? Kwani na wao mshahara umechelewa?"

Kicheko kilipotulia, katibu alieleza kwa lugha ya kazi yetu. Alisema barabara kubwa hulipwa kama tunavyohudumia hoteli. Unafua leo, hoteli inakulipa mwisho wa mwezi, lakini sabuni inatakiwa leo. Kwa hiyo unamkopa muuza sabuni. Yeye hakukopeshi kwa sababu una sura nzuri. Anakukopesha kwa sababu ameona hoteli ina wageni. Barabara nayo ni hivyo. Malori yatapita, yatalipa tozo, tozo itarudisha mkopo. Aliyekopesha anataka kujua mambo mawili tu: kama malori yapo, na kama fundi hatatumia sabuni nyingi kuliko iliyokopwa.

"Basi sisi tuwe muuza sabuni," akasema Mama Pacha.

Tulikuwa tumeweka akiba ya kununua mashine ya kukamulia. Tulibishana siku hiyo nzima, na mwishowe tukakubaliana kwamba mikono yetu inaweza kungoja kidogo. Mzee Pasi alikwenda benki na suti aliyoipiga pasi mara mbili, akarudi na hatifungani yenye jina la Umoja wetu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, unaongea na wakazi, na pia unaongea na wakopeshaji wako. Wadogo sana, tunajua. Lakini hata aliyekuazima chumvi ana haki ya kuonja mchuzi.

ILE "ILA" ILIYOMEZWA

Mwaka jana, wakati wa upembuzi yakinifu, walikuja wahandisi wawili: kijana mwenye koti la kung'aa na dada mwenye kofia ngumu. Walikuja jua la utosi. Tukawapa viti, tukawapa maji. Kijana akatandaza mchoro juu ya meza ya pasi, akatuonyesha: njia nne, ukuta katikati, uzio pembeni. Alieleza vizuri, kwa heshima, akituita mama na baba. Halafu akauliza, "Je, kwenu kuna tatizo lolote?"

Tukajibu kwa pamoja kama kwaya: "Hakuna tatizo!"

Mheshimiwa, umelelewa kama tulivyolelewa. Mtu akikuuliza hujambo, unasema sijambo, hata kama umetoka kung'olewa jino na pamba ingali mdomoni. Akikuuliza habari za nyumbani, unasema nzuri. Ndipo unavuta pumzi na kuendelea: nzuri, ila mtoto ana homa, salama, ila upepo umechukua bati. Jibu la kwanza ni la adabu. Habari yenyewe hukaa nyuma ya "ila", na kila mtu wa kwetu anajua kuingoja.

Mama Pacha alikuwa ameshafungua mdomo. Alisema, "Ila..." na papo hapo kiwiko cha Mzee Pasi kikamwingia ubavuni.

"Mgeni hata maji hajamaliza!" mzee akanong'ona.

Akanyamaza. Wahandisi walikuwa na haraka, walikuwa na vituo vingine kabla ya giza. Walikunja mchoro, wakashukuru, wakaondoka. Mama Pacha aliwasindikiza kwa macho mpaka gari lilipopotea, na ile "ila" imemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Usiku alimwambia jirani yake, "Nimewaacha waende kama mtu aliyemsahau mtoto sokoni."

Miezi ikapita. Tukaitwa ukumbini kuelezwa usanifu wa mwisho. Kijana yule yule alisimama, akasema ukweli wote, na tunamheshimu kwa hilo. Mwanzoni, alisema, kulikuwa na kivuko cha chini hapa kwetu, njia ya watu kupita chini ya barabara. Lakini gharama za mradi zilizidi kiasi ambacho wakopeshaji walikuwa tayari kutoa. Ikabidi kupunguza, na waliopunguza walianzia mahali ambapo wakazi walisema hawana tatizo.

Penye kelele pakabaki. Penye adabu pakakatwa.

Hatulaumu. Hata sisi sabuni ikipungua, tunaanza kupunguza kwa mteja asiyelalamika.

Badala ya kivuko tumewekewa daraja la juu, la ngazi, kule mbele karibu na stendi. Ni daraja zuri kwa mtu mwenye mkoba. Mama Pacha hakutaka kubisha bila kujaribu. Alikwenda hospitali aliyoizoea, akajaza beseni shuka mbichi, akajitwika, akaanza kupanda ngazi za jengo la ghorofa. Ghorofa ya kwanza akaimaliza. Kuelekea ya pili shingo ilianza kutetemeka, maji yakamchuruzika hadi kwenye ndala, ndala ikateleza. Yeye alishika chuma cha pembeni. Beseni halikushika kitu. Likashuka ngazi moja moja likipiga kelele, na shuka zikalifuata. Matroni alichungulia kutoka chini.

"Mama, sasa unatufulia na ngazi?"

"Ngazi ndizo zimenifua mimi," akasema.

Siku hiyo ndipo aliporudi bandani na maneno uliyoyasikia mwanzo. Na tulipokutana kuandika risala, mzee alipoanza tena na "mgeni haambiwi shida mlangoni," mama wa watu akawaka.

"Mlangoni alishaambiwa hakuna tatizo! Sasa ameingia ndani, tumwambie nini? Kwaheri?"

"Tukimlilia Waziri atatuona wakorofi," Mzee Pasi akasema. "Barabara wataipitisha kwingine."

"Barabara haiogopi mdomo, baba. Ingekuwa inaogopa mdomo isingefika mjini hata siku moja."

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akasema kwa sauti ambayo hatujazoea kuisikia kwake:

"Ukuta ule ukisimama, mimi shuka za hospitali nimezipoteza siku hiyo hiyo. Siwezi kuzungukia stendi na mzigo mbichi na nikawahi jioni. Na nikizipoteza, watoto wanarudi nyumbani. Wote wawili, maana siwezi kuchagua. Hiyo ndiyo 'hakuna tatizo' yetu, baba. Mimi nataka mtu aiseme tu ilivyo."

Pasi ilikuwa imeachwa juu ya shati. Hakuna aliyeona mpaka tuliposikia harufu. Mzee Pasi, ambaye kwa miaka yote hiyo hajawahi kuunguza hata leso, aliiinua, akaitazama ile alama ya kahawia, akaizima pasi ukutani.

"Kiwiko hiki," akasema, "ndicho kilichokata kivuko."

"Baba, sikusema hivyo."

"Nimesema mimi. Sasa mkono wenye kiwiko hicho utafanya kazi yake. Katibu, andika yote. Andika na shati."

Mwenye shati yuko hapa leo. Tumemlipa jipya, na ameamua kulivaa.

OMBI LETU

Ni moja.

Kwenye usanifu uliopo bado kuna kalavati la maji ya mvua, hapa hapa tulipo, linalopita chini ya barabara kutoka bondeni hadi chini ya kimlima. Limechorwa kwa kimo cha mbuzi. Mbuzi atapita bila wasiwasi. Dobi hatapita.

Tunaomba kalavati hilo liinuliwe lifikie kimo cha mtu aliyesimama na beseni kichwani, na liwekewe ukingo wa zege upande mmoja, watu wapite juu ya ukingo na maji yapite chini. Ili tusikisie, tulimchukua mwenzetu mrefu kuliko wote, tunayemwita Mlingoti, tukamtwika beseni limejaa, tukamsimamisha ukutani na kupiga alama kwa chaki. Mlingoti akipita, sote tutapita.

Tulimtafuta kijana mhandisi. Alikuja, akakaa, na safari hii alimaliza maji yake kabla ya kuuliza, halafu akaingoja "ila" mpaka mwisho. Akachora kalavati kwenye mchanga kwa kijiti. Alisema linawezekana na gharama yake ni ndogo kuliko ya kivuko kilichokatwa, kwa kuwa shimo litachimbwa vyovyote vile. Lakini yeye hana mamlaka. Mabadiliko lazima yapitishwe na Mkurugenzi wa Mipango na Fedha na kuridhiwa na wewe, na yafanyike kabla mkataba wa mkopo haujasainiwa. Ukishasainiwa, michoro inafungwa, na atakayetaka kuongeza hata tofali atamfuata mkopeshaji nje ya nchi. Ndiyo maana tumewaita nyinyi wawili pamoja, na ndiyo maana tumewaita sasa.

Mkurugenzi, tunajua swali lako ni moja: nani atabeba nyongeza hiyo? Tunakuja na sehemu ya jibu. Makalavati huziba kwa mchanga na takataka, yakiziba maji hupanda barabarani, na lami huanza kula hasara kabla tozo haijaanza kula faida. Hili la kwetu halitaziba. Kila baada ya mvua tutalisafisha wenyewe, bila malipo, maadamu sisi ndio tunaopita humo. Mkataba wa kazi hiyo tuko tayari kuusaini leo. Kuondoa uchafu ndiyo kazi tunayoijua, na huo utakuwa wa kwanza tutakaouondoa bila kudai chochote.

Hatuombi fidia, Mheshimiwa. Tunaomba kimo.

TULILOAMUA

Kwa kawaida risala husomwa, ikakabidhiwa, makofi yakapigwa, watu wakakaa. Sisi tumeamua vingine. Risala hii haikabidhiwi hapa. Itakabidhiwa kule juu, kwenye kamba, na itafika kwa njia tunayopita sisi.

Nyuma ya turubai tumesimamisha milango miwili ya miti na kuifunika shuka. Mmoja una kimo kilichochorwa. Mwingine una kimo cha Mlingoti. Ule mfupi hatukulazimishi. Mkurugenzi akipenda ajaribu, tuna sabuni ya kutosha kufua suruali yake. Tutapita kwenye ule mrefu, kisha tutavuka barabara. Askari wa usalama barabarani ameshasimamisha magari, na madereva wameambiwa sababu. Wengine wameshuka waone.

Kuna mabeseni matatu yaliyojaa. Moja ni la Mama Pacha, la shuka za wodi, maana leo pia ni siku ya kazi na vitanda vinamngoja. La pili ni la Mzee Pasi, ambaye tumemsihi abebe dogo akakataa. La tatu halina mwenyewe. Liko karibu na kiti chako, Mheshimiwa, na kata ya kujitwikia tumeiweka juu yake, safi.

Ukifika kule juu utatujibu. Tunakuomba jambo moja tu: usitujibu kwa adabu. Ukituambia hakuna tatizo, tutajua maana yake. Kama jibu ni ndiyo, sema ndiyo. Kama kuna "ila", tuambie yote, tutaingoja. Tuna imani nawe, kwa sababu mtu asiyetaka kusikia hafiki mpaka kwenye sakafu ya kufulia.

Mungu akulinde katika safari zako zote, aijalie Barabara Kuu ianze salama na imalizike salama, awape nguvu watakaoijenga, awape subira waliokopesha, nasi tukiwa miongoni mwao. Na atujalie sisi na watoto wetu tuivuke kila siku bila kuangalia kulia wala kushoto, tukiyasikia malori yakinguruma juu yetu na kulipa tozo.

Mzee Pasi ameshainuka na beseni liko kichwani. Mama Pacha ametangulia kumfungulia njia. Katibu anakunja karatasi hii na kuitia ndani ya beseni la tatu, juu ya shuka.

Twende.

Ni sisi, wenye maji huku na jua kule,
Umoja wa Madobi Jua na Maji